Kibodi ya safari: njoo na rula

Karibuni tena, wadau. Leo mezani nina kibodi tatu za bila waya, laptopu yangu ya siku zote, na rula. Ndiyo, rula. Ina kazi yake, tulieni.

Kwanza nimjibu yule anayeuliza: laptopu imekuja na kibodi yake, ya pili ya nini? Nitazame shingo. Laptopu ikikaa mezani, macho yanashuka na kichwa kinayafuata. Saa moja hutasikia kitu. Wiki nzima ya kazi kwenye meza ya hoteli, usiku utautafuta mto unaokufaa usiupate. Sasa naipandisha kwenye stendi mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Shingo imenyooka, lakini ona mikono: inaning'inia kama ya mtu anayepaka rangi ukutani. Hapo ndipo kibodi ya pili inapopata kazi. Kama hubebi stendi, wala huna mpango wa kuiegemeza laptopu juu ya kitu chochote, bakiza hela yako mfukoni.

Haya, tuseme unaihitaji. Dukani wengi huishika mkononi, wakaipima uzito, wakasema "nyepesi hii", wakalipa. Mimi nilifanya hivyo hivyo na kibodi hii ya kukunja, jina lake nalihifadhi. Sogea karibu na kamera. Naweka rula katikati ya kitufe cha A, nahesabu mpaka katikati ya S: milimita 16. Kibodi ya kawaida ya mezani ni kama 19. Utasema milimita tatu ni nini? Kutoka A mpaka L kuna hatua nane. Tatu mara nane, ishirini na nne. Kidole kilichozoea kuikuta L mahali pake kinatua kando kwa upana wa kidole gumba. Ndiyo maana wiki ile ya kwanza nilituma barua pepe zilizosomeka kama zimeandikwa ndani ya basi kwenye barabara ya mawe.

Na bado kuna bawaba. Mkunjo unapita katikati, kwa hiyo kitufe cha nafasi kimekatwa vipande viwili, na katikati yake, pale gumba langu linapopenda kugonga, hakuna kitu. Ukiiweka mapajani ndiyo kabisa, inajikunja yenyewe kama kitabu. Kwa anayejibu ujumbe mfupi kwenye simu, sawa. Kwa kuandika ripoti, hapana.

Ya pili ni Logitech K380, hii ya vitufe vya duara. Gramu 423, na begini utazisikia, sitakudanganya. Lakini vidole vinatulia. Inatumia betri mbili za AAA, na hilo kwangu ni jambo la kusifia, ingawa wapo wanaoliona la kizamani. Betri ya kuchaji ikiisha ukiwa safarini, unatafuta waya na tundu la umeme. Hizi unabadilisha, unaendelea. Inakumbuka vifaa vitatu: laptopu, simu, tableti, na unahama kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Ya tatu, Keys-To-Go 2, ya Logitech pia. Gramu 222, karibu nusu ya mwenzake, na ina kifuniko chake kinachogeuka nyuma, kwa hiyo hakuna kitakachobonyezwa begini. Sikilizeni sauti... karibu hakuna. Hii unaandikia pembeni ya mtu aliyelala na haamki. Ila vitufe vinazama kidogo sana. Ukiwa na mkono mzito kama wangu, unajikuta unagonga meza. Betri zake ni zile bapa za duara kama za saa. Zinadumu, lakini siku zikiisha usitegemee kila duka unalopita litakuwa nazo.

Suala la kipokezi cha USB, kile kidude ambacho baadhi ya kibodi huja nacho cha kuchomeka kwenye laptopu badala ya kutumia Bluetooth, nitalipita haraka. Kinakula tundu moja, na ni kidogo mno kusafiri nacho bila kukipoteza. Tena mwaka 2016 watafiti wa usalama wa Bastille walionyesha kwamba baadhi ya panya na kibodi za vipokezi vya namna hiyo zingeweza kuingiliwa na mtu aliye mbali, akaandika amri kwenye kompyuta yako. Udhaifu huo uliitwa MouseJack. Kwa mtu anayefanyia kazi kwenye viwanja vya ndege, mimi ningechukua ya Bluetooth.

Sasa kitu ambacho hakiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi: swichi ya kuzimia. Siku moja nimekaa nasubiri usafiri, nagusa sehemu ya kuandikia kwenye simu, vitufe vya kuandikia havitokei kwenye skrini. Nikaizima, nikaiwasha. Mara ya pili. Nikaanza kuilaumu simu. Kumbe kibodi iko begini, imewaka, chaja inaikandamiza, na simu imeungana nayo ikidhani ndiyo naandikia! Tangu siku hiyo, kibodi isiyo na swichi ya kuzimia siinunui hata kwa nusu bei.

Na ukiona nenosiri linakataa mara ya kwanza tu, usiogope. Kibodi hizi hulala ili kutunza betri, na herufi ya kwanza mara nyingi hupotea katika kuamka. Gonga Shift kwanza, kisha andika.

Safari yangu ijayo nabeba K380, na uzito wake wote. Ningekuwa nasafiri na tableti peke yake, ningechukua hii nyembamba bila kufikiri mara mbili. Ya kukunja anaitaka mdogo wangu wa kuandikia kwenye simu; nimeshamwambia atafute rula kwanza.