Nilimwambia fundi nataka wote waone, akawapa wote uwezo wa kufuta

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikijiambia ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa.

Mapema mwaka huu tulinunua ile mashine ndogo ya kuhifadhi mafaili nyumbani, ya diski mbili, inayokaa pembeni ya ruta na kila mwenye simu au laptopu anaifikia. Aina yake sitaitaja, na sifa zake zimeandikwa kwenye boksi. Tuliagiza Dar, ikaja kwa basi imeviringishwa kanga, ikafika nzima hapa Mwanga, Kigoma. Mimi nilikuwa na haja moja tu nayo: sauti za mama.

Kabla mama hajaanza kuugua, kaka yangu alikuwa akikaa naye barazani kule Ujiji, jioni baada ya jioni, anamrekodi kwa simu. Mama alisimulia alivyoanza kuanika dagaa Kibirizi akiwa na mtoto mgongoni. Alisimulia siku za mbalamwezi, mitumbwi imelala kwa sababu taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, na wanawake wanahesabu siku hadi giza lirudi ndipo wauze tena. Kila rekodi anaianza kwa "Mwakeye," kama anamsalimia mtu aliyeingia uani sasa hivi. Faili 41. Nilitaka zikae mahali pamoja, tuzisikilize sote, hata wajukuu ambao hawakumkuta.

Kufunga mashine nikampa fundi wa duka moja la hapa mjini. Nilimwambia maneno haya haya: "Folda ya mama nataka wote waione." Alikaa kama saa moja, akapita kwenye laptopu moja baada ya nyingine, kila mahali folda ikafunguka. Nilifurahi mno. Nikamlipa, likabaki salio la elfu thelathini la mwisho wa mwezi.

Hazikupita wiki nyingi. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, alikuwa anatafuta nafasi ya kuweka katuni zake. Akaona faili zenye majina asiyoyaelewa, akazichagua, akabonyeza futa. Windows ikamuuliza kama ana uhakika, akakubali. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukifuta kitu kwenye folda ya mtandao, hakiendi kwenye pipa la taka la kompyuta yako. Kinaondoka. Pipa linatakiwa liwashwe kwenye seva yenyewe, yaani ile mashine, na fundi hakuliwasha. Ni kisanduku kimoja cha kutia tiki! Nikasema basi, si zipo diski mbili zinazonakiliana? Zinanakiliana kweli, lakini na kufuta pia zinanakiliana: ikitoweka huku, kule nayo imetoweka papo hapo. Diski ya pili inakuokoa siku diski ya kwanza inapokufa, si siku mtu anapofuta.

Mtoto simlaumu. Yeye alikuta mlango wazi.

Fundi nilimpigia, akaja jioni na bodaboda, hata kiti hakukaa. Akawa anaongea na mume wangu, mimi nimesimama pale pale. "Mzee, mama alisema wote waone, nikafanya hivyo." Nikamwambia, "Nilisema waone. Nilisema wafute?" Ndipo akanigeukia: "Mama, ukimruhusu mtu umemruhusu. Hayo mambo ya ruhusa ni ya maofisini, nyumbani mtachanganyikiwa bure. Ungemwambia tu mtoto asiguse."

Asiguse! Mtu nimemlipa hela, ananiambia kinga ya sauti za mama yangu ni kumwambia mtoto wa darasa la tano asiguse.

Na si kweli alichosema. Nilifungua mipangilio mwenyewe usiku ule. Ukiingia kwenye folda, kila jina lina nafasi tatu mbele yake: hana ruhusa, kusoma tu, kusoma na kuandika. Kufuta kumo ndani ya kuandika. Mtu mwenye kusoma tu anafungua, anasikiliza, ananakili kwenye simu yake akitaka, ila hawezi kuharibu. Yaani nilichoomba kipo, kimeandikwa, kinasubiri kubonyezwa. Yeye alichagua jina moja linalomaanisha kila mtu, akalipatia ruhusa ya kusoma na kuandika, akaondoka.

Basi nikaanza upya. Kila mtu wa nyumba hii nikamfungulia jina lake na nywila yake, nikapanga makundi mawili, wakubwa na watoto. Folda ya mama, wote kusoma tu, isipokuwa mimi na kaka. Nikatengeneza faili tupu nikaiita "jaribu", nikaenda kwenye laptopu ya dada, nikaifuta. Ikafutika. Nikarudi kwenye mipangilio, nikahakikisha, nikarudi tena. Ikafutika tena. Usiku wa kwanza nililala saa nane nikiamini mashine ni mbovu, na kama ningeandika saa ile, ningewaambia msiinunue hata kwa bei ya bure.

Usiku wa pili nikafungua ile sehemu ya Windows inayotunza majina na nywila zilizohifadhiwa, Credential Manager, ndani ya Control Panel. Nikaona pale jina la seva yetu, na jina lililotumika kuingilia. Admini. Nikaenda laptopu ya mume wangu: admini. Ya binti yangu: admini. Ile anayochezea mtoto: admini! Fundi hakutengeneza watumiaji kabisa. Alichofanya ni kuingiza jina la msimamizi kwenye kila kompyuta, akaambia Windows ikumbuke, ndiyo maana kila mahali "ilifunguka". Na nywila ya usimamizi ilikuwa namba yake ya simu, ile ile iliyoko kwenye risiti. Nililia, sisemi uongo.

Kwa hiyo mashine haikuwa mbovu. Haikuwa ikimwona mtoto; ilikuwa inamwona msimamizi, na msimamizi haulizwi. Ukitaka kuingia kwa jina lingine Windows nayo inagoma, maana haikubali mtu mmoja aingie kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Inabidi ufute kile ilichohifadhi, utoke kabisa kwenye akaunti, uingie upya, ndipo ikuulize jina. Nilifanya hivyo laptopu zote nne, na nywila ya admini nikaibadilisha kabla ya kitu kingine chochote.

Hapa nilitaka kuipa mashine nyota tano. Lakini nayo ina lawama zake. Binti yangu mkubwa nilimweka makundi yote mawili, kisha folda ya kazi nikawafungia watoto kwa "hana ruhusa". Akafungiwa nje na yeye, ingawa kundi la wakubwa lilimruhusu. Katazo linashinda ruhusa. Sawa, huo ndio utaratibu, lakini kwa nini ukurasa ule usiseme neno hata moja unapoweka katazo? Na lile pipa la taka, kwa nini lisubiri mtu alikumbuke? Nyota tatu. Tuseme nne, kwa sababu kuhangaika na flashi sirudii tena.

Fundi sina nyota ya kumpa. Kuna siku nilitaka kusema labda ana haraka ya wateja wengi, labda hakufundishwa. Halafu nakumbuka "ungemwambia asiguse" na moyo unapanda upya.

Kadi ya simu ya zamani ya kaka ilikuwa bado na rekodi 26. Kumi na tano hatunazo. Ile ya mbalamwezi ipo. Ile ya Kibirizi, ya mtoto mgongoni, haipo, na mtoto yule mgongoni ni mimi.

Jumapili nilimwita mtoto, nikamwambia ajaribu kufuta "jaribu". Akabonyeza, Windows ikamwambia anahitaji ruhusa. "Mama mdogo, imegoma," akasema. Nikamwambia abonyeze tena. Ikagoma tena.

Fundi alinitumia ujumbe juzi anaulizia salio lake. Elfu thelathini zake ziko kabatini. Azifuate mwenyewe, akae kwenye kiti, anisikilize.