Saundi kadi ya USB ya kurekodia nyumbani: uliza geini kwanza

Niliimba wimbo mzima kwa moyo wote, kuja kusikiliza kwenye hedifoni sauti iko chini kama ya mtu aliye chumba cha pili, nikiipandisha kwenye programu inapanda pamoja na shhhh kama mvua ya kwenye bati. Nikabadilisha waya, nikazima feni, nusura niiuze maiki yangu nzuri kabisa, kumbe mkosaji ni saundi kadi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, niliyoinunua kwa sababu boksi lake limeandikwa 192 kHz kwa maandishi makubwa. Iliniuma sana.

Kwa hiyo hapa siongelei kHz wala biti, kadi nyingi za siku hizi zinatosha huko. Mimi naangalia geini tu, yaani uwezo wa kadi kuikuza sauti ya maiki kabla haijaingia kwenye kompyuta. Mwenye maiki ya kondensa, zile zinazotaka umeme wa volti 48, anaweza asilione hili tatizo kabisa maana maiki yenyewe inatoa sauti ya kutosha. Balaa lipo kwenye maiki za dainamiki, zile zisizotaka umeme huo na sauti yake inatoka ndogo. Maiki ya Shure SM7B kwa mfano, Shure wenyewe wanasema inataka geini ya angalau desibeli 60 (desibeli ndiyo kipimo cha geini), watu wanaichomeka kwenye kadi isiyofika huko alafu wanasema maiki mbovu!

Namba moja ni Focusrite Scarlett 2i2 toleo la nne, na sifichi, naipenda. Geini yake ni desibeli 69, hiyo SM7B inaibeba bila kifaa kingine cha katikati. Ila usije ukachukua Solo ya toleo hilohilo ukidhani imepungua tundu moja la maiki tu, Solo inaishia 57, na hizo desibeli 12 zilizopungua ni volteji mara nne. Mara nne jamani.

Ya pili MOTU M2, desibeli 60, ina kiskrini mbele kinachoonyesha sauti inavyopanda kwa hiyo unajua mapema kama inataka kupasuka. Ya tatu Audient iD4 MkII, 58, kwa gitaa na kondensa safi, kwa anayeimba taratibu kwenye dainamiki hapana.

Hela ikibana na una kondensa, Behringer UMC202HD. Zile zenye vitufe vya makofi na vicheko achana nazo.

Sasa wauzaji. Mtu anaandika "2i2 mpya" hasemi toleo, anakuuzia la tatu lenye geini 56 kwa bei ya la nne, na ukimuuliza geini ngapi anakujibu "ina sauti kubwa sana dada". Huo ni wizi, mtu amejinyima miezi kuipata hiyo hela. Mwambie akutumie picha ya mbele ya kadi yenyewe, sio ya boksi, 2i2 toleo la nne ina vitufe vimeandikwa Auto na Safe. Kama havipo usitume hela.