Chaja ya Kutunza Betri: Gari la Spoti Likilala Msimu Mzima wa Baridi

Haya, karibuni tena. Leo mlio wa injini hamtausikia, mnisamehe. Gari limeshafunikwa, halitoki mpaka barafu iishe barabarani. Nataka muone kidude hiki, kinaenea kiganjani: chaja ya kutunza betri, ampea 1. Nimekaa nacho misimu miwili ya baridi.

Kabla yake nilijifanya mjuzi. Nilibadilisha oili, nikajaza tangi na dawa ya kuzuia petroli isiharibike, nikaongeza upepo tairi zisije zikabonyea upande mmoja kwa kusimama. Hendibreki sikuivuta, maana pedi hung'ang'ania diski. Niliweka gia na vigingi. Betri je? Nikaiacha. Gari si limezimwa?

Kumbe halilali. Alamu, kompyuta, kile kinachosikiliza funguo, vyote vinadokoa. Pigeni hesabu nami: miliampea 50, saa 24, ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Mwezi mmoja, 36. Betri ya 70 imeshavuka nusu, na baridi ndiyo kwanza imeanza! Na betri iliyokwisha huweza kuganda kwenye nyuzi kama 10 tu chini ya sifuri, ikapasuka. Iliyojaa, baridi ya hivyo haiigandishi.

Siku ya kulitoa, nabonyeza funguo: kimya. Sasa gari hili injini iko nyuma, betri iko mbele, chini ya boneti inayofunguliwa kwa umeme. Mmeona vituko? Umeme umefungiwa ndani, na mlango unasubiri umeme. Nilipiga magoti mlangoni, tochi mdomoni, nikitafuta kwenye boksi la fyuzi kile kichwa cha dharura cha kuingizia umeme. Nilikipata, lakini magoti yangu hayajasahau.

Sogeeni muone mita. 13.4, mnaiona? Inapoanza inapanda hadi volti 14.4, betri ikishashiba inashuka yenyewe hadi 13 na ushee, inatulia hapo miezi yote. Hiyo ndiyo kazi mnayoilipia. Chaja ya kawaida isiyojua kushuka itaendelea kusukuma mpaka betri ichemke na kukauka.

Ninachokipenda zaidi ni huu waya mfupi wenye fyuzi. Unafungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, ncha yake naitoa hapa pembeni ya boneti. Nachomeka, nachomoa, boneti sigusi.

Kasoro yake, na hii iliniudhi: umeme ukikatika ukarudi, hakiendelei na kazi. Kinawasha taa ya njano na kungoja mtu akibonyeze. Msimu uliopita nilikuja kugundua baada ya siku kadhaa. Kitu cha kuachwa peke yake gereji, unakitengenezaje hivyo jamani? Pia msikitegemee kufufua betri iliyokufa; kwa ampea 1 mtakaa siku nyingi. Na kama gari lako lina betri ya lithiamu, yapo ya spoti yanayotoka nayo kiwandani, hiki hakikufai. Hakina mpangilio wake. Soma kibandiko cha betri kwanza.

Mtaniuliza, si niliwashe tu dakika 10 kila wiki? Hapana. Injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili, na kile stata ilichokula hakirudi chote. Ama uliendeshe mpaka lipate moto sawasawa, ama uliache lilale.

Kwangu, 7 kati ya 10. Kingekumbuka kazi yake baada ya umeme kukatika, ningekipa 9.

Na karatasi hii kwenye usukani, imeandikwa CHOMOA WAYA? Mwaka jana nilirudi nyuma mita mbili hivi, nikasikia kitu kinaburuzwa sakafuni.