Yunioni ya PVC ya Pampu ya Bwawa: Inaziba Uvujaji Kweli?

Habari zenu watazamaji. Leo tunaangalia hii yunioni ya PVC ya inchi 2: huku ina tredi ya kuingia kwenye mdomo wa pampu, huku soketi ya kubandikia bomba kwa gundi, na katikati nati kubwa yenye oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji. Kama kiungo cha pampu yako ya bwawa kinavuja, nunua hii, achana na adapta ya kipande kimoja.

Uvujaji huu mara nyingi huletwa na joto. Maji ya bwawa yakishuka chini ya skima, ule mdomo wa ukutani unaofyonza maji ya juu, au mtu akisahau valvu ya kufyonza imefungwa, pampu inazunguka bila maji mapya na yale machache yaliyobaki ndani yanachemka. PVC ya kawaida haifai kupita nyuzi joto 60. Tredi ya adapta inasinyaa, nafasi inapatikana, maji yanapita. Ukiifungua na kuzungusha upya tepu ya kuziba tredi, itatulia kidogo halafu itavuja tena, kwa sababu plastiki iliyosinyaa hairudi. Itupe. Na tafadhali msipake epoksi kwa nje. Upande wa kutoa maji, presha itaibandua tu.

Upande wa kufyonza unadanganya sana. Pampu ikiwa inafanya kazi huoni hata tone, kwa kuwa pale inavuta hewa. Unaona mapovu kwenye kapu la pampu linalonasa takataka, na ukizima ndipo maji yanadondoka. Mwagia maji kwenye kiungo pampu ikiwa inazunguka: mapovu yakikoma, umepapata. Ila anza na oringi ya kifuniko cha kapu, nayo huleta dalili hiyohiyo.

Sasa kuifunga. Zima umeme kwenye sakiti breka, funga valvu za pande zote. Kata bomba kwa msumeno, mkato uwe nyoofu, usiende mshazari, ubakize sehemu nyoofu ya sentimita 4 hivi iingie soketi mpaka mwisho. Sugua kingo kwa msasa. Kwenye tredi zungusha tepu mara 4 au 5, kwa mwelekeo wa saa ukiwa unaitazama ncha ya tredi. Ukizungusha kinyume, itajikunja na kutoka unapokaza. Kaza kwa mkono, kisha ongeza kama mzunguko mmoja kwa spana, basi. Ukilazimisha, mdomo wa pampu unapasuka, na huo hauna tepu ya kuutibu.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: vipimo. Bomba la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha milimita 60.3, la kipimo cha metriki ni 63. Dukani vinakaa rafu moja na vinafanana. Ukiingiza la 60.3 kwenye soketi ya 63, linacheza ndani, na gundi ya PVC haijazi pengo la namna hiyo. Nenda dukani na kipande cha bomba lako.

Kabla ya gundi, vesha nati kwenye bomba kwanza! Ukisahau, unakata upya. Toa oringi isiguswe na gundi. Paka pande zote mbili, sukuma mpaka mwisho ukizungusha robo, shikilia sekunde 30, halafu subiri saa 24 ndipo uwashe.

Udhaifu wake ni oringi. Punje moja ya mchanga inatosha kuvujisha, kwa hiyo ifute, ipake grisi ya silikoni. Vaselini hapana, mafuta ya petroli huvimbisha mpira. Nati kaza kwa mkono tu. Zile zenye gasketi bapa badala ya oringi sizipendekezi. Ukizifungua mara chache zinajikunja.

Kama pampu yako hukaukiwa mara kwa mara, ongeza hela uchukue ya CPVC, aina ya PVC inayovumilia nyuzi joto 90, halafu urekebishe kile kinachoikausha.