Uzoefu wangu na injini ya turbo ya Subaru Forester XT hapa Mwanza: nguvu, uimara na matunzo

Injini ninayoieleza ni EJ20 yenye turbo, iliyofungwa kwenye Subaru Forester XT ya kizazi cha tatu, ile iliyozinduliwa Japani mwishoni mwa mwaka 2007 na ambayo mafundi huijua kwa jina la SH5. Gari liko Mwanza, mji wa milima na mawe, na kazi zangu hunitoa mara kwa mara kwenda Musoma kupitia Magu na Bunda, au Geita kupitia Daraja la Kigongo–Busisi. Wengi wanaoliona huniuliza linakimbia kiasi gani na linakunywa mafuta kiasi gani. Ni maswali ya haki nami nitayajibu, lakini kinachoamua kama injini hii itadumu au itafunguliwa kabla ya wakati wake ni oili, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Ujazo wake ni cc 1,994, na silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, pistoni zikienda na kurudi kwa kukabiliana, hivyo mtikisiko wa upande mmoja humezwa na ule wa upande wa pili. Kipenyo cha silinda ni milimita 92 na mwendo wa pistoni ni milimita 75. Vali ni 16, na kila upande una kamshafti mbili. Toleo hili hutoa nguvu farasi 230 kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika, na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 319 kwenye mizunguko 2,800. Mimi huithamini zaidi namba hiyo ya pili, kwa sababu ni nadra mtu kufikisha mizunguko 5,200 akipanda Bugando, ilhali 2,800 huipita kila siku. Faida nyingine kwa mnunuzi wa Tanzania ni kwamba ujazo huo uko chini ya cc 2,000, mstari ambao ukivukwa ushuru wa bidhaa kwa gari la kutoka nje hupanda. Unapata nguvu ya injini kubwa ukiwa kwenye daraja la ushuru la injini ya wastani, ingawa gari lenye umri mkubwa huongezewa ushuru kwa sababu hiyo pia.

Kwa sisi wa kanda ya ziwa turbo ina maana kuliko wengi wanavyodhani. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mitaa yetu mingi imepanda zaidi ya hapo. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa iko chini kwa zaidi ya asilimia 12 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na turbo, inayovuta hewa kama inavyoikuta, hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayoshindilia hewa ndani ya silinda, kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu huo hufidiwa. Lakini ili ifikie mshindilio uleule wa pwani, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi, na mzigo huo wote huangukia oili inayoilainisha.

Barabarani tabia yake ni ya kuridhisha sana. Ukiwa nyuma ya lori la pamba kati ya Magu na Lamadi, unasubiri mbele pawe wazi, unakanyaga mafuta, kunapita muda mfupi kabla turbo haijajaa, kisha gari husukumwa kwa nguvu tulivu isiyoshtua hadi lori libaki nyuma. Muda huo mfupi lazima uuzoee na uuingize katika hesabu zako za kulipita gari lingine. Mjini hali ni tofauti kidogo. Intakula, yaani kifaa kinachopoza hewa iliyoshindiliwa, imewekwa juu ya injini na hupata upepo kupitia tundu la boneti. Kwenye foleni ya jioni pale Buzuruga hakuna upepo unaoingia, joto la injini huipanda, na ukiondoka ghafla gari huwa zito kwa sekunde chache kabla ya kurudia hali yake. Hilo si ubovu, wala halihitaji fundi.

Sasa oili. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande wake mmoja ukipigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Haikai chuma juu ya chuma, bali huelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili hiyohiyo hulainisha beringi za krenki na kuendesha mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka. Ikipungua au ikichakaa, turbo huumia, na beringi za krenki haziko mbali nyuma yake.

Mimi hutumia oili ya sintetiki kamili ya daraja la uzito la 5W-40, na huibadilisha pamoja na filta yake kabla kilomita 5,000 hazijatimia, hata ikionekana bado safi. Injini hizi zinaweza kula oili kidogo hata zikiwa nzima, na hapo ndipo hatari hujificha: injini nzima hubeba lita nne hivi, na kati ya alama ya juu na ya chini ya kijiti cha kupimia kuna takriban lita moja, kwa hiyo mtu anayeishi karibu na alama ya chini anaendesha akiwa amepungukiwa na robo ya oili yake. Kupima nako kuna utaratibu. Nyumba yangu iko ubavuni mwa mlima, kama zilivyo nyingi hapa, na injini iliyolala namna hii ikiegeshwa kwenye mteremko, oili huhamia upande mmoja na kijiti hutoa jibu la uongo. Hivyo hupimia kituo cha mafuta, mahali palipo tambarare: nazima injini, nasubiri dakika kadhaa oili ishuke, nachomoa kijiti, nakifuta kwa kitambaa, nakirudisha hadi mwisho, kisha nakitoa tena na kusoma pande zote mbili. Bomba la kijiti mara nyingi hupaka oili upande mmoja hadi juu, kwa hiyo husoma ule upande ulioonyesha chini zaidi.

Kuna sehemu moja ndogo ambayo ningemwomba kila mwenye EJ ya turbo aikague. Oili inayokwenda kwenye turbo hupita katika bomba jembamba lililofungwa kwa bolti yenye tundu, na katika matoleo mengi ndani ya bolti hiyo kuna kichujio cha wavu, kidogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Gari lilipofika mikononi mwangu, aliyeniuzia alisisitiza kwamba sevisi zote zilifanyika kwa wakati. Fundi wangu wa Igoma aliifungua bolti ile, akakitoa kichujio kwa koleo, akakiinua juani na kuniita: “Kaka, njoo uangalie mwenyewe, hapa mwanga haupiti.” Nusu ya matundu ilikuwa imezibwa na ukoko mweusi wa oili iliyoungua. Turbo ilikuwa bado nzima, shafti yake haikuwa imelegea, lakini ilikuwa ikilishwa kwa shida. Kichujio kipya ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na turbo yenyewe, na tangu siku hiyo hukaguliwa kwenye sevisi kubwa.

Oili bandia nayo ipo sokoni. Galoni moja niliyonunua mjini ilikuwa na muhuri uliolegea, na fundi alipomimina kidogo kwenye kopo ilitiririka nyepesi mno kwa oili ya daraja lililoandikwa, tukairudisha dukani. Kuhusu kuiacha injini ingurume kabla ya kuizima, maoni yanatofautiana. Turbo hii hupozwa pia kwa maji, ambayo huendelea kuzunguka yenyewe kwa joto hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kwa mwendo wa kawaida wa mjini hakuna haja ya kusubiri. Baada ya mwendo mkali au mlima mrefu mimi huipa dakika moja, kwa kuwa hainigharimu chochote.

Mkanda wa taimingi hauna mjadala: ni kilomita 100,000, na kwa gari la mtumba lisilo na kumbukumbu za kuaminika ubadilishwe mara tu linapofika. Ukikatika, pistoni hugongana na vali, na hapo utafungua vichwa vyote viwili. Pampu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ni busara kubadilisha pampu, puli na kikaza mkanda kwa pamoja, kwani kazi ya kufungua ni ileile. Plagi ziko ubavuni, karibu na chesisi, na huhitaji fundi mwenye subira.

Mazingira ya ziwa yanadai uangalizi wake. Wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka kama moshi juu ya maji, hunasa kwa wingi kwenye mapezi ya rejeta na ya intakula. Ukiendesha usiku kando ya ziwa msimu wao ukiwa umefika, asubuhi utawakuta wamejibana humo. Huwaondoa kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa ndani, kwa sababu msukumo mkubwa hupinda mapezi. Filta ya hewa huchoka haraka kwa vumbi la barabara za vijijini, na kwa injini ya turbo filta iliyochanika ni hatari, maana mchanga huenda moja kwa moja kwenye feni inayozunguka.

Kuhusu mafuta, mjini hupata kilomita 7 hadi 8 kwa lita, na kwenye barabara ya Musoma kwa mwendo wa wastani hufika 10 au 11. Injini hii ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha Japani ni okteni (kipimo cha petroli kustahimili mshindilio bila kujilipukia) 96 kwenda juu, wakati ile ya kawaida huanzia 89. Ulizia petroli ya okteni 95, inayokaribia kiwango hicho, na usikubali chini yake. Kompyuta ya injini ina sensa inayosikiliza mlio wa kugonga, yaani petroli kulipuka ndani ya silinda kwa wakati usiofaa, na huchelewesha cheche ili kuilinda injini, lakini uwezo wake una mpaka.

Na kugonga huko ndiko kunakoua pistoni. Udhaifu unaojulikana wa injini za EJ zenye turbo, hasa za lita 2.5, ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, ambazo hupasuka injini ikigonga mara kwa mara, na silinda namba 4 ndiyo hutajwa zaidi. Nyingi huathirika baada ya kuongezewa nguvu kwa kubadilisha programu ya kompyuta. Familia hii ya injini ilianza mwaka 1989, mwaka ambao Legacy yenye turbo ilikimbia kilomita 100,000 huko Arizona, Marekani, kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, na EJ20 iliendelea kuundwa kwa takriban miaka 30. Injini yenye rekodi hiyo sioni sababu ya kuichokonoa. Yangu nimeiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Spea za kawaida kama filta, mikanda na plagi zinapatikana Mwanza. Gasketi za turbo, sensa na kikaza mkanda halisi mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, kwa hiyo niliagiza mapema vile nilivyojua vitahitajika. Anayetaka kununua gari hili alikute injini ikiwa baridi kabisa, aliwashe mwenyewe, asikilize mlio wa chuma kugonga chuma kutoka chini ya injini katika sekunde za kwanza, na aangalie moshi wa bluu kwenye ekzosi. Kisha apime mgandamizo wa silinda zote nne: namba zikikaribiana, injini ina afya, namba 4 ikiachwa nyuma na nyingine, bei iliyotajwa ijumlishwe na gharama ya kufungua injini kabla ya mazungumzo yoyote na muuzaji.