Seti ya raba ya sivi jointi: raba na grisi ni nzuri, klipu zibadilishwe

Niliinunua seti hii ya kubadilisha raba inayofunika sivi jointi, yaani kiungo chenye gololi kinachopeleka nguvu ya shafti kwenye gurudumu hata linapokata kona, baada ya kuona grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu ya mbele kulia. Nilipoinama na tochi niliikuta raba ya jointi ya nje, ile ya upande wa gurudumu, imechanika kwenye mkunjo wa pili, ufa wa urefu wa kidole unaofunguka na kujifumba kila usukani ukikatwa. Jointi yenyewe ilikuwa bado haijaanza kugonga, na hilo ndilo lililonifanya nisisubiri, kwa sababu kinachoiua jointi ni mchanga na maji yanayopenya pale grisi ilipotokea. Ukishasikia ule mlio wa kugongagonga unapokata kona kali, ujue gololi zimekwisha kuchimba njia zake, na hapo grisi mpya haisaidii tena.

Ndani ya boksi mlikuwa na raba moja, pakiti ya grisi ya gramu 90, klipu mbili za kubana midomo ya raba, kubwa na ndogo, pamoja na pete mpya ya chuma inayoishikilia jointi kwenye meno ya shafti. Nati mpya ya shafti haikuwamo. Huo ni upungufu, kwa maana nati za aina hii mara nyingi hupondwa ukingo ili zisilegee, na magari mengi huelekezwa zitiwe mpya kila zinapofunguliwa.

Raba ni ya mzunguko mzima, si ile iliyopasuliwa ubavuni ili izungushwe juu ya shafti na kugundishwa pasipo kufungua jointi. Ile ya kugundishwa niliwahi kuitumia kwa kuvutiwa na urahisi wake, na haikufikisha miezi mitatu kabla ya mshono kuachia, kwa sababu tone dogo tu la grisi likigusa mdomo wa mshono, gundi haishiki. Hii ya sasa ni laini, mikunjo yake ina unene ulio sawa pande zote, na nilipoikunja kwa nguvu mkononi haikuonyesha weupe wala nyufa. Kwa upande wa raba sina malalamiko.

Kuifunga kunadai nusu siku ya mtu mwenye vifaa na subira. Nati ya shafti hulegezwa gari likiwa bado chini na breki imekanyagwa, kisha gari huinuliwa na kukalishwa juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini ya gari. Niliachanisha boli jointi (kiungo cha duara) ya mkono wa chini, nikaivuta ngongo ya gurudumu, yaani kipande kinachobeba gurudumu, nje mpaka shafti ikachomoka, halafu nikaipiga jointi kwenye kipande chake cha ndani kwa nyundo na kipande cha shaba. Iliachia kwa pigo la tatu. Anayepiga ovyo kwenye kizimba, ile fremu inayoshikilia gololi, atakivunja.

Kazi iliyochukua muda mrefu zaidi, na ambayo sijuti kuipa muda, ni usafi. Grisi ya zamani ilikuwa imekuwa kama tope, na nilipoisugua kati ya vidole nilihisi chenga za mchanga. Niliiosha jointi kwa mafuta ya taa, nikakiinamisha kizimba upande mmoja mpaka gololi sita zikatoka moja baada ya nyingine, nikazipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wake ili kila moja irudi kwenye njia iliyoizoea. Nilipitisha ukucha ndani ya kila njia: zote zilikuwa laini isipokuwa moja yenye alama hafifu isiyonasa ukucha. Kama ingenasa, ningeiacha raba na kununua jointi nzima.

Grisi ya pakiti ni nyeusi, yenye molibdenamu, ambayo ndiyo inayofaa jointi za aina hii, na hairuhusiwi kubadilishwa kwa grisi yoyote iliyo karibu. Gramu 90 zilitosha jointi ya gari dogo kama langu: niliishindilia ndani ya jointi mpaka ikatoka pembeni mwa gololi, na iliyobaki nikaimimina ndani ya raba. Jointi kubwa huhitaji zaidi, hivyo mwenye gari zito alinganishe kiasi na maelekezo ya gari lake kabla ya kufungua pakiti.

Tatizo la seti hii ni klipu. Ni zile zenye sikio la kubanwa kwa koleo maalumu, lakini bati lake ni laini kupita kiasi, na sikio la ile kubwa lilipinda kando kabla raba haijabanwa sawasawa. Niliichomeka bisibisi nyembamba chini ya mdomo mdogo wa raba ili hewa itoke, nikakaza, nikadhani imetosha. Siku ya nne niliona duara jembamba la grisi limetokeza kwenye ukingo mkubwa. Niliikata klipu hiyo na kuweka ya chuma kisichoshika kutu, yenye bati nene na sikio refu, na tangu hapo nimeendesha zaidi ya kilomita 4,000 raba ikiwa kavu kama siku ya kwanza.

Kwa hiyo naipendekeza kwa ajili ya raba yake na grisi yake, mradi mnunuzi achukue klipu mbili nzuri na nati mpya kando, siku hiyo hiyo. Asiitumie kwa jointi ya ndani iliyo upande wa giaboksi: ile ina umbo jingine, raba yake ni pana zaidi, na pakiti hii moja haiwezi kuijaza.