TAHADHARI: Yule wa "safari za Mnemba" ni tapeli, msimtumie hata mia

Jamani naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Na kabla hamjaanza "si tulikwambia", naombeni mnisome kwanza.

Safari yenyewe mnaijua, ile ya mama mkwe kutimiza miaka 60, sina haja ya kurudia nani alikuja na nani alisusa. Tulivuka na boti kutoka Dar kwenda Unguja tukiwa 14, wajukuu humohumo. Kazi yangu ilikuwa moja tu, siku ya bahari, kwenda Mnemba, kile kisiwa kidogo kaskazini mwa Unguja. Nilijitwisha mwenyewe, tena kwa maringo. Baba watoto alisema tukodi hapohapo hotelini, nikamwambia hoteli wanakula cha juu, niachie mimi.

Huyu bwana nilimpata Instagram. Ukurasa una picha za kasa, pomboo, watu wamevaa miwani na mrija wanacheka ndani ya maji ya kijani. Sikumwamini kijinga. Mimi nauza vitenge mtandaoni mwaka wa 6 huu, skrinshoti feki ya muamala naitambua kwa kuangalia fonti. Nilimuuliza maswali yote. Akanitumia picha ya kitambulisho chake. Akanipa namba ya "mteja wa wiki iliyopita", dada mmoja wa Dodoma mwenye sauti nzuri, akanisimulia mpaka mtoto wake alivyomwona kasa anakula majani. Nikamuuliza jina la nahodha, akalitaja palepale bila kuwaza. Sasa hapo wewe ungefanyaje?

Halafu zile voisi. Kila akinijibu unasikia upepo unavuma nyuma yake, yeye anapaza sauti kama mtu aliyeko juu ya chombo: "Dada'ngu, niko majini na wageni, nikirudi pwani nitakupigia. Wewe usiwe na wasiwasi, mgeni njoo mwenyeji apone!" Nikasema huyu ndiye, mtoto wa pwani hasa. Leo nikizisikiliza tena, lile dude linalovuma nadhani ni feni.

Na mwenyeji kweli alipona. Kichwa kimoja 45,000: boti, vifaa, laifu jaketi, matunda, wali na pweza wa nazi, na kushuka kisiwani Mnemba kupiga picha. Mara 14 ni 630,000. Nikatuma yote, kwa sababu alisema siku zile wageni ni wengi na boti zinagombaniwa. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. "Mke wangu huyo dada, mimi laini yangu imejaa." Nikabonyeza namba ya siri. Hicho kidole nikikiangalia natamani kukikata.

Usiku wa kuamkia safari, saa nne hivi, akapiga tena. Kuna ada ya hifadhi amesahau kuniambia, 10,000 kila mtu, na serikali haicheki na mtu. Nikatuma 140,000 nyingine. Dakika tano nyingi, nikaletewa "risiti" ina nembo na muhuri wa duara. Nikaionyesha familia nzima mezani, mnaona mambo yanavyopangwa!

Akatuambia tuwe Muyuni saa nne asubuhi. Dereva wa kosta akaniuliza Muyuni ipi, maana kuna ya huku kaskazini na kuna ya kusini. Nikampigia yule bwana, haipatikani. Tukaenda ya kaskazini kwa sababu ndiyo inayotazamana na Mnemba.

Tumefika, bahari haipo. Namaanisha hivyo hivyo. Maji yametoka, mchanga na mawe tu mpaka kule mbali yanakovunjika mawimbi. Mzee mmoja alikuwa anatengeneza dema, ule mtego wa samaki, kivulini, akatuangalia na makapu yetu ya vitafunwa, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani kakupangia saa hii? Usiku mwezi ulikuwa mpevu, leo bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Saa nne hapa pakavu." Mtu aliyejiita mtoto wa mvuvi, mjukuu wa mvuvi, hajui maji kupwa?

Akatokea kijana mwingine kabisa, anatuita kutoka mbali. Tukatembea kwenye maji ya magotini na zile laifu jaketi zake 6, ndiyo, sita, watu 14. Hapo ndipo mama mkwe alipokanyaga yale madude meusi ya miiba. Siku yake ya kuzaliwa. Yule mzee alikimbia mwenyewe kutafuta papai bichi, akampaka utomvu kisiginoni, na hela akakataa. Mungu ambariki, ndiye mtu pekee aliyetutendea utu siku hiyo.

Tukaenda nusu yetu, wengine wakabaki na mgonjwa. Karibu na Mnemba maji yanabadilika rangi, unaona matumbawe chini kama uko juu ya kioo. Nikaanza kusamehe. Ikaja boti ya doria, wakaomba risiti. Nikasimama kwa kujiamini, nikawasha simu. Kijana wa doria akaitazama, akaivuta kwa vidole viwili ikuze, akaitazama tena. "Dada, hii si yetu. Hii kontrol namba ya malipo ya serikali iko wapi?" Boti nzima kimya. Wifi yangu akaanza kuangalia kucha zake.

Wakaturudisha. Mwanangu wa mwisho aliinama pembeni ya boti, nimemshika kaptula, akatumbukiza uso na miwani yake, akaibuka anapiga kelele, "Mama, pono! Wa bluu!" Hiyo ndiyo snokeli yetu yote. Pono mmoja kwa 770,000.

Bado. Tulipofika ufukweni nahodha akadai 150,000 ya mafuta, yeye alitumiwa 30,000 tu kwa simu na mtu asiyemjua, kaambiwa nyingine atapewa na "mama mwenye kundi". Mama mwenye kundi ni mimi. Nikalipa. Sina ugomvi naye, na yeye kapigwa.

Sasa huyo mwizi nataka akamatwe. Sitaki hela, nataka nimwone kwenye karandinga, apelekwe Muyuni akapigwe jua saa nne ya bamvua, peku, kwenye ile miiba. Na yule dada wa Dodoma awe pembeni yake. RB ya polisi ninayo, namba zake zote mbili nimeshazituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Mwenye ndugu polisi Unguja anitafute.

Mnaoniuliza inbox nilipaswa kushtuka wapi: hilo la kushuka kisiwani. Mnemba pale juu ni hoteli ya watu, mgeni wa kutwa anaishia majini, anayekuahidi kushuka anakudanganya. Na ada ya serikali haiingii kwenye namba ya mke wa mtu. Angekuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii angeionyesha, mimi sikuomba hata kuiona, niliridhika na kitambulisho. Na jina la mwanamke. Hilo sitaki kulizungumza tena.

Kanibloku, lakini ukurasa bado upo, nauona kwa simu ya mdogo wangu. Jana kaweka picha ileile ya kasa, mama mmoja kauliza bei ya watu 20. Nimemwandikia pale chini "DADA KIMBIA". Kaifuta. Nimeandika tena.